Mguu Uliokataa Kukatwa



Mwaka 1917, katika vita ya Vimy huko Ufaransa, kijana wa Kanada aitwaye Mervyn Dutton, maarufu kama Red, alijeruhiwa vibaya mguu. Madaktari walitaka kuukata, yeye akakataa. Aliporudi nyumbani aliteleza kwenye barafu saa nyingi kila siku, mpaka mguu ukapata nguvu tena. Hatimaye akawa beki shupavu wa hoki ya barafuni, akiichezea Montreal Maroons, kisha New York Americans.

Baada ya kutundika viatu aligeukia uongozi. Frank Calder, rais wa ligi kuu ya NHL, alipofariki mwaka 1943, Dutton aliitwa kushika nafasi hiyo. Dunia ilikuwa vitani tena, na vita hiyo iliwachukua wanawe wawili. Hata hivyo, aliiongoza ligi hadi mwaka 1946.

Ndugu yangu, mvumilivu hula mbivu, lakini mvumilivu wa kweli huwalisha na wenzake. Leo, nguvu uliyoipata kwa taabu itumie kumwinua mwingine.