Kuonja na Kunywa

Ulaya na Marekani wapo watu wanaokusanya pombe kama wengine wanavyokusanya stempu. Chupa adimu huwekwa miaka, kisha huonjwa kwa bilauri ndogo na kupewa alama. Sioni dhambi hapo.

Pombe yetu ya Karatu haikubali kuwekwa. Ulezi huloweshwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea, kisha hutiwa katika uji uliopoa. Ikishaiva ina siku mbili tatu tu kabla haijachachuka kabisa, basi mwenye mtungi hana budi kuita majirani. Je, huo ni ukarimu, au ni kuwahi uchachu? Nadhani ni vyote viwili, wala ukarimu haupungui kwa hilo. Aliyelima shamba la mwenzake alikunywa. Aliyekunywa bila kulima alijua anadaiwa jembe.

Kule bondeni Mto wa Mbu, mtalii aendaye Ngorongoro huonjeshwa pombe ya ndizi, hulipa, na kuondoka hadaiwi kitu. Wapo wanaoilaumu biashara hiyo. Mimi siwezi, maana mama aliyepika amepata sare na madaftari ya wanawe. Namhurumia mtalii tu: amekunywa, na hakuna aliyemuuliza ni mtoto wa nani.