Ufunguo Uko kwa Jirani

Bibi yangu alikuwa na kijikasha cha mbao chini ya kitanda, nyumbani kwetu Wete. Ndani mlikuwa na pete mbili, hati ya shamba la mikarafuu, na fedha ambazo hakuna hata mmoja wa watoto wake aliyezijua hesabu. Kijikasha kilikuwa na kufuli, lakini ufunguo haukukaa nyumbani. Ulikaa kwa jirani, mwanamke ambaye bibi aligombana naye kila msimu wa maembe kwa sababu ya mti uliovuka ua. Nikiwa bado skuli ya msingi nilimuuliza kwa nini ufunguo asimpe mama. Akanijibu bila kuinua macho kwenye ukili aliokuwa akisuka: "Mama yako nampenda. Yule namwamini."

Jibu lile nililiona la ajabu. Nilidhani kupenda na kuamini ni kitu kimoja. Ilinichukua miaka mingi, na ajali moja, kuanza kumwelewa.

Mwaka jana kaka yangu alianguka na bodaboda kwenye barabara ya Wete kwenda Chake Chake. Alikaa siku tisa hajitambui. Kaka ni mchoraji wa matangazo. Wateja wake wako nje, nao humlipa kwa sarafu za kidijitali. Kila anapopata ziada huigeuza bitcoin na kuiweka. Tulijua hivyo nusunusu tu, kwa sababu jioni moja barazani alimwambia baba kwamba msingi wa nyumba ya wazee hautamshinda. Baba alicheka, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya karafuu.

Siku ya pili hospitalini, mama alifanya jambo ambalo hadi leo halitaki kutajwa mbele yake. Aliushika mkono wa mwanawe aliyelala, akakigandamiza kidole chake kwenye simu. Simu ikafunguka. Nikaitafuta ile programu ya pochi, nikaiona, na kiasi tukakiona. Kilikuwa kinatosha matibabu, na kubaki. Lakini kukiona si kukigusa. Ili hata senti moja itoke, kilihitajika kifaa kidogo mfano wa flashi, pamoja na namba yake ya siri. Kifaa tulikikuta kwenye begi lake. Namba hatukuijua. Na kama kifaa kingepotea au kuharibika, njia pekee iliyobaki ilikuwa maneno kumi na mawili aliyoyaandika kwenye karatasi. Hatukujua karatasi iko wapi.

Baba akauza ng'ombe. Shangazi akaweka rehani bangili zake. Mimi nikakopa. Ile namba kwenye kioo cha simu ikapanda kidogo, ikashuka kidogo, haituhusu.

Nataka kuwa mwadilifu kwa kaka yangu: hakufanya kosa lolote katika yale ambayo watu wa fani hiyo hufundisha. Alifanya yote, na kwa usahihi. Fedha zake hakuziacha kwenye soko la mtandaoni, kwa sababu soko likianguka, kama FTX ilivyoanguka Novemba 2022, mwenye fedha hugeuka mdai kama wadai wengine. Ufunguo wake alikuwa nao mwenyewe, ndani ya kifaa kisichounganishwa na intaneti muda wote. Yale maneno hakuyapiga picha, kwa sababu picha hupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni hata bila mwenyewe kukumbuka. Hakuyaandika kwenye kompyuta. Hakumjibu mtu yeyote aliyejitambulisha kuwa "huduma kwa wateja" na kumwomba ayathibitishe.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa. Sababu hiyo ni mimi. Mwaka mmoja kabla ya ajali, nilipakua kwenye kompyuta yangu programu ya kuhariri picha kutoka mahali ambapo sikupaswa. Ilikuja na mgeni. Kazi ya mgeni huyo ilikuwa ndogo na ya subira: kungoja mpaka ninakili anwani ya pochi, kisha kabla sijaibandika, aibadilishe kwa anwani yake. Anwani hizi ni mistari mirefu ya herufi na tarakimu, na hakuna anayezisoma hadi mwisho. Nilibandika, nikatuma, nikaona muamala umekamilika. Malipo ya miezi miwili yalikwenda kwa mtu ambaye sitamjua kamwe, na mkono uliompa ulikuwa wangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Kaka hakunilaumu. Alinifundisha kulinganisha herufi za mwanzo, za kati na za mwisho kabla ya kutuma, na kuitazama anwani kwenye kioo cha kifaa chenyewe, si cha kompyuta. Baada ya hapo akafunga kinywa. Nadhani siku ile ndipo alipoamua kwamba maneno yake hatayajua mtu.

Kuna kitu kwenye kufuli ile ya kaka ambacho kilinikosesha usingizi kuliko deni. Kufuli haikuweza kutofautisha kati ya mama na mwizi. Kidole cha mgonjwa kugandamizwa kwenye simu akiwa hajitambui ni tendo ambalo mnyang'anyi angelifanya vilevile, kwa mkono uleule. Sisi tunajua tofauti, kwa sababu tunajua nia na damu, na tunajua nani alilia usiku kucha kwenye benchi. Mashine haijui hayo, na haikutengenezwa iyajue. Hapo ndipo ilipo nguvu yake, kwa sababu haihongeki wala haidanganyiki kwa machozi. Mtu anayesifu mfumo usiohitaji kumwamini yeyote anasifu jambo la kweli. Ila asisahau kwamba mfumo usiomwamini yeyote haumwamini hata mama yako.

Kusini ya Wete kuna Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo ambacho maji yakitoka huungana na nchi kavu. Mwaka 1984 palipatikana pale akiba iliyozikwa: sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, zilizopigwa hapa kwetu pwani zikiwa na majina ya watawala kama Ali bin al-Hasan, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu zilizotoka nchi za Wafatimi. Wanaakiolojia wanaiweka akiba hiyo kwenye karne ya 11. Tukiwa skuli tulifundishwa kujivunia: tazameni, Pemba ilikuwa na sarafu zake miaka elfu moja iliyopita. Nami najivunia bado. Lakini baada ya siku zile tisa nimeanza kuisoma habari ile kwa upande wa mwenye mali. Mtu fulani alizizika ili zisiibiwe, na hazikuibiwa. Kwa kipimo cha usalama peke yake, ile ndiyo pochi bora kuwahi kuwekwa Pemba: karne tisa bila mdukuzi. Na hakuna mtoto wake aliyenunua nazo hata pishi ya mtama.

Huko duniani mifano ya siku hizi ipo. Mtaalamu mmoja wa kompyuta, Stefan Thomas, ana bitcoin 7,002 ndani ya kifaa kinachoruhusu majaribio kumi ya neno la siri. Karatasi yenye neno hilo ilipotea, naye akatumia majaribio manane. Hakuibiwa na mtu. Amefungiwa nje na mlango wake mwenyewe.

Kwa hiyo swali langu si namna ya kujikinga na wezi. Hilo lina majibu, na mengine nimeshayataja. Swali langu ni hili: je, mtu ana haki ya kuilinda mali yake kiasi kwamba ikifa na yeye?

Jibu la haraka ni ndiyo. Ni yake, kaitolea jasho, anaweza hata kuitupa baharini. Lakini sisi tuliokulia huku hatukufundishwa kwamba mali ya mtu ni yake tu. Siku ya maziko, kabla ya watu kutawanyika, mmoja wa jamaa husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, tupo. Deni hulipwa kabla mrithi hajagusa kitu, kisha wasia, ambao hauvuki theluthi, kisha mirathi kwa mafungu yanayojulikana. Zanzibar kuna hata Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya kusaidia familia kugawa. Mpango huo wote unategemea sharti moja dogo: mali ijulikane ipo. Mali bila daftari huisha bila habari. Kinachochekesha ni kwamba bitcoin yenyewe ni daftari, na liko wazi kwa dunia nzima kulisoma. Lina kila kitu isipokuwa jina la mtu na msemaji wa kusimama makaburini.

Na hakuna ofisi ya kwenda. Fedha za benki, warithi hufuatilia kwa cheti cha kifo na karatasi za mirathi. Kwa sarafu hizi, Benki Kuu ya Tanzania ilitahadharisha umma Novemba 2019 kwamba haizitambui. Mwaka 2021 Rais Samia aliitaka benki hiyo ijiandae nazo. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka zuio la kodi la asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Serikali basi inajua namna ya kuzitoza. Lakini hata ikipenda kwa moyo wote, haina namna ya kumfungulia mjane pochi.

Upande wa pili una hoja nzito, nami siwezi kuipita. Aliyeibiwa kwa kuvunjiwa mlango ni mmoja kati ya wengi walioibiwa kwa sababu waliamini: rafiki, kiungo, ujumbe, kioo. Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa sarafu zenye thamani ya dola takriban bilioni 1.5, wizi ambao FBI ilisema ulifanywa na Korea Kaskazini. Pochi ile haikuwa ya mtu mmoja. Ilihitaji watu kadhaa waidhinishe. Wakaidhinisha wote, kwa sababu kioo kiliwaonesha muamala wa kawaida kumbe chini yake maagizo yalikuwa mengine. Ukiongeza watu, huenda umeongeza milango tu. Kaka angesema hivyo, na angekuwa na hoja.

Lakini nikimfikiria bibi, naona alikuwa ameshalifikiria hili bila umeme wala intaneti.

Alipofariki, siku ya tatu walikuja wanawake wawili, si mmoja. Jirani wa mwembe alileta ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga. Wa pili alitoka mtaa wa mbali. Hakuwa na ufunguo, na kijikasha hakuwahi kukiona. Yeye alikuwa na maneno tu: kwamba kijikasha kipo, ufunguo uko kwa fulani, na marehemu anadaiwa na mwenye duka fulani kiasi fulani, kilipwe kwanza. Sisi tulikuwa na kasha bila ufunguo, jirani alikuwa na ufunguo bila kasha, na wa tatu hakuwa na chochote cha kuiba. Hakuna mmoja aliyeweza kudhulumu peke yake, na wakikutana hakuna kinachopotea. Pia walikuwa watu watatu kweli, kila mmoja na macho yake. Wale wa Bybit walikuwa wengi, lakini walitazama kupitia dirisha moja. Mashahidi wa dirisha moja ni shahidi mmoja.

Na sasa naelewa kwa nini ufunguo ulikwenda kwa mgomvi wa maembe. Mama angeombwa na ndugu zake kwa machozi, siku ya shida isiyo shida, naye angefungua. Upendo hufungua. Jirani hakuwa na machozi ya kumlainisha, ila alikuwa na jina lake mtaani, na jina hilo lilikuwa na thamani kwake kuliko pete mbili. Amana haikai kwa anayekupenda sana. Inakaa kwa anayejiona amepungukiwa siku akiivunja.

Kaka alizinduka siku ya kumi. Wiki mbili baadaye, akiwa bado anatembelea magongo, baba alimweleza habari ya ng'ombe. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Niliogopa wezi, baba. Kufa sikukuogopa."

Ng'ombe amelipwa, na bangili zimerudi. Kaka ameandika wasia mbele ya mashahidi, unaotaja kwamba mali ipo, ya aina gani, na nani anajua nini. Hautaji hata neno moja kati ya yale kumi na mawili. Alitaka kwanza kuikata karatasi vipande viwili, anipe nusu. Nilimkatalia. Aliyepata nusu keshaipunguza mno kazi ya kubahatisha iliyobaki, na ikipotea nusu moja, yote imekwenda. Akahamia pochi inayotaka funguo mbili kati ya tatu. Mmoja anao yeye, na mmoja uko Unguja kwa mtu ambaye sijui jina lake.

Wa tatu aliniletea mimi, ndani ya bahasha, baada ya isha. Nilimkumbusha kwamba mimi ndiye niliyemkaribisha yule mgeni kwenye kompyuta. Akasema anajua. Nikamwambia pia kwamba mimi ni dada yake, nampenda, na mama akilia nitafungua.

Tukakaa kimya barazani. Kisha akairudisha bahasha mfukoni, akaniuliza kama yule jirani wa mwembe bado yu hai.

Yu hai. Na msimu huu tena anatudai maembe.