Mlango ni mmoja, maskini apite wapi?

MIONGONI mwetu wapo wanaume ambao talaka kwao ni neno moja tu la ulimi, halina ada wala nauli. Mwanamke aliyetelekezwa hana neno hilo. Akitaka kutoka katika ndoa inayomdhuru, na mume hataki kutamka wala kupokea khului, hana budi aende kwa mwenye mamlaka ya kuivunja. Sasa nauliza: asipokuwa na pesa ya kufika huko, je, tuseme haki anayo?

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka, isipokuwa katika hali chache, shauri lianzie Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Suluhu ikishindikana, baraza hutoa hati ya kwenda mahakamani. Hilo ni jema, na Surat An-Nisaa nayo imetufundisha kuweka wapatanishi wa pande mbili. Lakini kila hatua ina gharama. Nilipomsindikiza jirani yangu mmoja, siku ya kwanza mume hakutokea, siku ya pili shauri likaahirishwa. Kila safari ni nauli, na siku hiyo maandazi hayauzwi, watoto wanalala na uji.

Mwaka huohuo wa 1971, Machi 2, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu katika shauri la Boddie dhidi ya jimbo la Connecticut. Wanawake waliokuwa wakiishi kwa posho ya serikali walitaka talaka, wakatakiwa kulipa wastani wa dola 60, ambazo hawakuwa nazo. Jaji Harlan alieleza kuwa, kwa vile dola ndiyo pekee yenye uwezo wa kuivunja ndoa, haiwezi kumfungia mlango mtu kwa kukosa ada. Mwaka 1973 mahakama hiyo ilikataa kuwapa nafuu hiyo watu waliotaka kutangazwa kufilisika, kwa hoja kwamba mdaiwa aweza kuelewana na wadai wake nje ya mahakama. Mke hana njia hiyo. Mlango wake ni mmoja.

Wapo watakaosema kuwa tukirahisisha mambo, talaka zitazidi. Hoja hii naiheshimu, lakini siikubali. Kinachookoa ndoa ni suluhu, na suluhu inawahusu tajiri na maskini sawasawa. Ada na nauli hazisuluhishi mtu, zinachuja tu. Mwenye pesa atatoka hata kwa ugomvi mdogo, asiye nazo atabaki hata akipigwa. Hapo tumelinda ndoa, au tumemfunga dhaifu?

Tukumbuke mwanamke anayetajwa mwanzoni mwa Surat Al-Mujaadila. Alimwendea Mtume (SAW) kumshitaki mumewe, na Allah (SW) akasikia malalamiko yake. Hakuulizwa ana nini mkononi.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na hiyo ni hatua. Hata hivyo, ushauri wa bure haulipi daladala. Misikiti yetu inachangisha mazulia na minara; tunashindwaje kutenga fungu dogo la nauli, na mtu mmoja wa kuwaandikia madai wasiojua kuandika?

Tunapomhimiza dada yetu asubiri, tujiulize kwanza: anasubiri kwa hiari yake, au anasubiri nauli?