Noeli Haijakwisha

Siku ya pili tu baada ya Noeli, katika nyumba nyingi za Wakristo pango limekwisha kuvunjwa. Sanamu za Yosefu na Maria zimeviringishwa katika gazeti (huenda ni gazeti hili hili) na kutiwa sandukuni, nao Mamajusi hawajafika Bethlehemu. Nyimbo nazo zimenyamaza. Kwaya zimefanya mazoezi miezi mizima, zikaimba mara mbili tatu, basi. Nasi mapadre hatuna haki ya kulaumu, maana mara nyingi sisi ndio wa kwanza kusema kwamba sikukuu imepita.

Mama Kanisa hahesabu hivyo. Kwake kipindi cha Noeli huendelea mpaka Sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, mwezi wa Januari. Na kabla ya kalenda kutengenezwa upya mwaka 1969, waamini wengi waliliacha pango mpaka tarehe 2 Februari, siku ya Kutolewa Bwana Hekaluni, ambapo mishumaa hubarikiwa hata leo.

Huko Ujerumani, zinapokaribia siku za Tokeo la Bwana, watoto huvaa mataji na kuchukua nyota juu ya fimbo, wakaenda nyumba kwa nyumba wakiimba. Kwa chaki iliyobarikiwa huandika mlangoni tarakimu za mwaka, na katikati herufi C, M na B. Wengi huzisoma kuwa majina ya Kaspari, Melkiori na Baltazari. Lakini ndizo pia herufi za kwanza za maneno ya Kilatini Christus mansionem benedicat, yaani Kristo aibariki nyumba hii. Tangu mwaka 1959 sadaka wanazopewa huwaendea watoto wenye shida duniani. Mwaka 2013 nchi waliyoitaja hasa ilikuwa Tanzania, na mwaka 2017 Kenya. Watoto wa mbali wameimba katika baridi kali kwa ajili ya watoto wetu, na sisi wenyewe tumekwisha kunyamaza!

Twajua Januari ni mwezi mgumu. Mfuko umekauka, ada yadaiwa, mtoto wa bweni anafunga sanduku lake huku mama akihesabu nauli. Lakini wimbo haununuliwi. Enyi wazazi, kabla mtoto huyo hajaondoka, kusanyikeni jioni moja mbele ya pango. Baba aongoze sala. Bibi aombwe kuimba nyimbo za Noeli alizofundishwa utotoni, zile ambazo kwaya za leo zimezisahau, na wajukuu wamfuate. Kisha anayesafiri aandike baraka juu ya mlango atakaoupitia asubuhi.

Padre akiletewa chaki aibariki, asishangae: baraka yake imo katika vitabu vya Kanisa tangu zamani. Na walimu wa kwaya twawasihi wasiyafunge madaftari ya Noeli kabla ya siku ya Ubatizo wa Bwana.