Ini haliugui kwa mlevi peke yake



Ndugu Muislamu, kuna maneno yamezoeleka mitaani. Mtu akisikika ana maradhi ya ini, watu huulizana: "Kumbe naye alikuwa anakunywa?" Hata vibarazani mwa misikiti maneno haya hupita. Kwanza hiyo ni dhana mbaya, tuliyokatazwa katika Suratul Hujuraat aya ya 12. Pili ni kutoyajua maradhi yenyewe.

Ini, lenye uzito wa takriban kilo moja na nusu, hupokea karibu kila kinachotoka tumboni na kukichambua. Sukari inayozidi mahitaji ya mwili hugeuzwa humo kuwa mafuta. Mafuta yakipita asilimia 5 ya ini, hayo tayari ni maradhi. Ini laweza kuvimba, likafanya makovu, makovu yakienea likawa gumu, na wengine huishia kwenye saratani. Safari hiyo huchukua miaka, mara nyingi bila maumivu. Macho yakigeuka manjano na tumbo kujaa maji, mambo yameshakwenda mbali.

Wanaopatwa zaidi ni wenye vitambi, wenye kisukari na wenye shinikizo la damu. Wengi wao hawajawahi kuonja pombe.

Tujitazame. Asubuhi chai ya vijiko vinne vya sukari na chapati, mchana chipsi na soda, kisha ofisini tumekaa, kwenye daladala tumekaa. Ramadhani, mwezi wa kupunguza, wapo wanaotoka na kilo nyingi kuliko walizoingia nazo. (Na sisi walimu tunaoalikwa kila hitma, vitambi vyetu vinatushuhudia.) Allah (s.w) ametukataza israfu ya kula na kunywa katika Suratul A'araf aya ya 31, na Mtume (s.a.w) ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, maji na pumzi. Watoto wa madrasa wanaijua hadithi hii. Sisi tunawafundisha, kisha tunakwenda kwenye pilau.

Mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia 7 hadi 10, mafuta na uvimbe wa ini hupungua sana. Kwa mtu wa kilo 90 ni kilo 6 hadi 9 tu. Aache soda, atembee kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Msikiti wa mbali kidogo unatosha. Dawa za "kusafisha ini" zinazouzwa nje ya misikiti siku ya Ijumaa aziache, kwani baadhi ya mitishamba yenyewe huliumiza ini.

Ama pombe, hukumu yake iko wazi. Lakini tusidanganyane kwamba hakuna Muislamu anayekunywa. Yupo, na akifika hospitali humwapia daktari kuwa hajawahi, kwa kulinda jina. Matokeo yake hutibiwa kwa kubahatisha. Kujisitiri mbele za watu ni sawa, ila daktari ni mtunza siri: mwambie kiasi gani na miaka mingapi. Mafuta yaliyoletwa na pombe huweza kuondoka wiki chache baada ya kuacha. Na aliyezoea kunywa sana kila siku, toba yake asiicheleweshe, lakini siku hiyo hiyo aende hospitali, maana kukata ghafla akiwa peke yake nyumbani kunaweza kumletea kutetemeka, degedege, hata mauti.