Dawa Yangu ni Yangu Peke Yangu?

Dawa niliyoinunua kwa fedha zangu, nikainywa kwa maradhi yangu, ni yangu peke yangu? Wengi tutajibu upesi: ni yangu, kwani mwili ni wangu na homa ni yangu. Jibu hilo nililiona la haki mpaka nilipojifunza habari za viumbe wasioonekana kwa macho.

Tumezoea kuamini kwamba urithi huteremka tu, kutoka kwa babu hadi mjukuu. Mwaka 1946, huko Marekani, Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha kuwa bakteria hupeana urithi hata wakiwa majirani tu. Mwaka 1952 Lederberg akavipa vipande vya urithi vilivyo nje ya kromosomu jina la plasmidi. Plasmidi kubwa humwezesha bakteria anayeibeba kumnasa mwenzake na kufungua njia kati yao. Uzi mmoja wa DNA huvuka, kisha kila upande hujaza nusu iliyokosekana. Mtoaji hapungukiwi na kitu, na mpokeaji naye huwa mtoaji.

Plasmidi ndogo hazina uwezo wa kujenga njia hiyo. Ile iitwayo RSF1010 ina jozi 8,684 tu za herufi za urithi, ilhali kromosomu ya bakteria wa tumboni, Escherichia coli, ina zaidi ya milioni nne. Hata hivyo imebeba usugu dhidi ya salfa na streptomaisini. Plasmidi kubwa ikishafungua njia, ndogo nayo hupita, mithili ya abiria asiyejenga barabara wala kununua basi.

Wajapani walilipata funzo hili kwa uchungu. Baada ya vita kuu ya pili, ugonjwa wa kuhara damu ulitibiwa huko kwa salfa, na baadaye kwa streptomaisini, tetrasaiklini na kloramfenikoli. Katika miaka ya 1950 wakatokea bakteria wasiosikia hata moja kati ya dawa hizo nne. Ajabu ni kwamba mgonjwa aliyepewa dawa moja tu aliweza kukutwa na bakteria sugu kwa zote. Mwaka 1959 watafiti, miongoni mwao Tomoichiro Akiba na Kunitaro Ochiai, walionyesha kuwa usugu huo huhama kati ya bakteria wa kuhara damu na Escherichia coli, ambao wengi wao huishi matumboni mwetu bila kutudhuru.

Hapo ndipo swali letu linapogeuka. Wahenga walisema samaki mmoja akioza huoza wote. Lakini hapa anayetoa uozo huenda mwenyewe hajaoza. Mtu mzima wa afya, akinywa dawa asiyoihitaji, huua bakteria dhaifu na kuwaachia uwanja walio sugu. Hao hawamdhuru. Watamwazima silaha bakteria mwingine, ambaye atamkuta mtoto wa mtu asiyemjua, na daktari atakapotoa dawa, haitafanya kazi.

Mtu ataniuliza: na yule maskini aliyenunua vidonge viwili kwa kuwa fedha zake zilitosha viwili tu? Na jirani aliyempa mwenzake vidonge vilivyobaki, kwa huruma? Siwezi kuwahukumu sawa na muuzaji anayejua madhara na bado anauza, au mfugaji anayewalisha kuku wazima dawa ili wanenepe. Deni hukua kadiri ya ujuzi na uwezo. Lakini huruma haizuii usugu kuhama, wala umaskini hauuzuii. Kwa hiyo haitoshi kumwonya maskini. Inatupasa kuhakikisha anapata mganga na dawa iliyo sahihi, kwani ugonjwa wake usipotibiwa vizuri hautabaki kuwa wake.

Bakteria hawana dhamiri, hivyo hawana kosa. Sisi tunayo. Kata ya maji niliyoichota ni yangu, lakini kisima si changu, na wengine bado wako njiani kuja kuchota.