Jina la Mtoto ni la Nani?

Hapa kwetu Kagunga walikuwako mama wawili marafiki, waliozoea kuanika dagaa pamoja. Mmoja alikaa katika ndoa miaka tisa bila kuzaa. Watu walisema, "Yule hana." Mwishowe alijaliwa binti, akamwita Ana, kwa jina la yule nabii mjane aliyemshukuru Mungu alipomwona mtoto Yesu Hekaluni. Tangu siku hiyo akawa Mama Ana.

Mwaka uliofuata rafiki yake naye alipata binti, akamwita Hana, kwa jina la marehemu mama yake mzazi. Jina hilo lilisikika mara ya kwanza kwenye kisima cha ubatizo, kasisi alipowaambia wadhamini wamtaje mtoto. Mama Ana alitoka kanisani kabla ya baraka.

Sisi wazee tulipoletewa shauri hilo tulicheka. Tulisema kwamba jina si shamba wala mtumbwi, hata mwingine akilitumia lipungue. Miongoni mwa mitume kumi na wawili walikuwamo Simoni wawili, Yakobo wawili na Yuda wawili. Mapacha huitwa Bukuru na Butoyi huku Buha na ng'ambo Burundi vilevile. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi walipojaa ufukoni hapa wakingoja meli ya Liemba iwapeleke Kigoma, mtu angeita "Bukuru!" wangegeuka wengi, wenyeji na wageni, wala hakuna ambaye angedai kuibiwa. Tena Ana na Hana asili yake ni jina moja la Kiebrania.

Hoja zetu zilikuwa sahihi, lakini hazikumponya mtu. Tulifikiri juu ya jina la mtoto tukasahau jina la mama. Kwetu mwanamke akizaa huitwa kwa jina la mwanawe. "Mama Ana" lilikuwa jina lake yeye, naye alilingoja miaka tisa. Sasa watu wakichanganya majina humwita "Mama Hana", na neno hilo ni lile lile walilomtupia kabla hajazaa.

Je, rafiki yake hakuwa na haki? Alikuwa nayo. Jina la mzazi aliyefariki ni deni, na kumtaka aliache kwa sababu jirani alitangulia ni kudai kisichodaika. Kila mmoja alikuwa na haki ya kweli, wala hakuna aliyeiba.

Kosa tunaliona katika kunyamaza. Yule wa pili alikiri kwamba aliogopa kukatazwa, ndiyo maana akaficha. Lakini hakupaswa kuomba ruhusa, maana rafiki hana mamlaka juu ya mtoto wako. Alipaswa kutoa habari tu, kwa sababu jambo hilo lingemgusa mwenzake. Habari inayotolewa mapema humpa mtu heshima na nafasi ya kulia nyumbani kwake, si mbele ya watu. Naye aliyeambiwa ana wajibu wake: asigeuze uchungu wake kuwa sheria kwa mtoto wa mwingine.

Sisi walimu nasi tuna la kutubu. Katika daftari la mahudhurio tuliandika "Yohana wa kwanza" na "Yohana wa pili", na yule wa pili alibaki wa pili mpaka darasa la saba. Jina halikumdhuru; mkia tulioufunga sisi ndio uliomdhuru.

Mabinti wale sasa wanasoma darasa moja, nao huitana "somo" kwa furaha. Mama zao husalimiana, ila kila mmoja huanika dagaa wake peke yake. Basi wewe unayetazamia mtoto, ukiwa na jina moyoni linalofanana na la nyumba ya rafiki, pita kwake jioni ya leo ukamwambie.